Ogani ya Mabomba Iliyonyamaza: Kuikarabati Yote, Kuifufua kwa Hatua au Kuipumzisha

Kila usharika au parokia yenye ogani ya mabomba iliyonyamaza hufika siku moja kwenye kikao kigumu. Mweka hazina anataka kujua ni kiasi gani, mwalimu wa kwaya anataka kujua ni lini, wazee waliofunga ndoa huku ogani ile ikilia hawataki kusikia habari ya kuiondoa, na vijana, ambao hawajawahi kuisikia, wanauliza kwa nini fedha iliyopo isinunue kinanda mwezi huu huu. Wote wana hoja. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo hapa Tanga, mara nyingine kama mpiga kinanda na mara nyingine kama mtu aliyeitwa kuingia ndani ya ogani na kueleza alichokikuta, na nimeona kwamba kamati hukwama zaidi pale inapolinganisha vitu visivyopimwa kwa mizani moja. Makala haya yanajaribu kuweka njia zilizopo kwenye mizani hiyo moja.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ninaposema ogani nina maana ya ala inayolia kwa upepo unaopita katika mabomba ya madini na ya mbao, na ninaposema kinanda nina maana ya kile cha elektroniki kinachotoa sauti kwa spika. Harmoniamu ya kukanyaga kwa miguu ni jamaa ya karibu ya ogani, ingawa ina ndimi za shaba tu bila mabomba, na mengi nitakayosema juu ya ngozi, mbao na gundi yanaihusu pia.

## Njia zenyewe

Njia ya kwanza ni ukarabati kamili. Ogani yote inafunguliwa, kila bomba linapewa namba, mivukuto inavalishwa ngozi mpya, sanduku la upepo, lile ambalo mabomba husimama juu yake na kupokea upepo, linafunguliwa hadi ubao wa mwisho, mbao zilizoliwa zinabadilishwa, na mwishoni mtaalamu anarudisha sauti ya bomba moja baada ya jingine. Kazi hii huchukua miezi mingi, na mara nyingi sehemu za ogani husafirishwa hadi karakana.

Njia ya pili ni kuifufua kwa hatua. Ogani inabaki palepale kanisani, na kazi inafuata mfuko wa usharika: mwaka huu upepo, mwaka ujao safu moja ya mabomba, mwaka wa tatu safu nyingine. Mafundi ni wa hapa hapa, seremala na mshona ngozi, wakiongozwa na mtaalamu anayekuja kwa vipindi.

Njia ya tatu ni kuipumzisha. Ogani inasafishwa, inafungwa na kulindwa ilivyo, na ibada inaendeshwa kwa kinanda. Kuitupa ogani au kuiuza kama chuma chakavu sikukuhesabu miongoni mwa njia, na sababu nitaieleza nitakapofika kwenye makosa yasiyorekebishika.

## Mizani

Nitazipima njia hizi kwa mambo sita: hewa ya pwani, mafundi na vipuri, fedha ya miaka ishirini badala ya fedha ya siku ya kwanza, umeme, sauti katika ibada, na uwezekano wa kurekebisha kosa likishatendeka. Mambo haya hayana uzito sawa. Kwa maoni yangu, pwani hii mawili ya kwanza yanapita mengine yote, nami nitakaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Lakini hata kabla ya mizani, mtu mmoja aingie ndani ya ogani na kuitazama. Kuna kanisa dogo, si mbali na bahari, ambako niliambiwa kwamba safu nzima ya mabomba imekufa na kwamba kamati imekwisha kuuliza bei ya kinanda. Mtunza kanisa, mzee aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alinishikia taa nikachomoa bomba moja lenye urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

"Hili, Mwalimu, halijalia tangu mwaka juzi," alisema.

Nililiinamisha, nikaligonga taratibu kwa kiganja, na kikadondoka kidonge cha udongo mwekundu. Kilipasuka sakafuni, na ndani yake mlikuwa na buibui wadogo waliokauka, wamepangwa kama akiba ya chakula. Alikuwa ni nyigu, yule anayejenga kwa udongo na kuwawekea watoto wake buibui. Mdomo wa bomba, ule mpasuo mwembamba unaozaa sauti, ulikuwa umemfaa kama tundu la ukutani.

"Kumbe halikufa, mzee wangu," nilimwambia. "Lilizibwa tu."

Jioni ile tulitoa vidonge vingi, na karibu nusu ya safu ikarudi kulia bila kununuliwa hata msumari. Nusu iliyobaki ilikuwa na ugonjwa wa kweli: vali ndogo za mbao zinazoachia upepo zilikuwa zimevalishwa ngozi ambayo sasa ilikuwa imekakamaa kama ganda la muwa lililoanikwa. Kamati ilikuwa tayari kuamua juu ya vyote viwili kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

## Hewa ya pwani

Ogani imejengwa kwa vitu ambavyo hewa ya Tanga haivihurumii. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuvimba, na ubao mwembamba wa kuteleza unaofungua au kufunga safu ya mabomba hukwama mahali pake hata mpigaji akiuvuta kwa mikono miwili. Ngozi huota ukungu. Gundi ya asili inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, ambayo ndiyo iliyounganisha ogani nyingi za zamani, hulegea kwa unyevu na kuwavutia wadudu. Ndimi za shaba hupata kutu ya kijani, na mabomba ya zinki, ambayo mara nyingi husimama mbele kama pambo, hufanya weupe wa kutu kwa chumvi ya bahari. Mchwa hawahitaji maelezo.

Hatari isiyojulikana na wengi ni ya mabomba yaliyochanganywa risasi na bati, ambayo ndiyo mengi ndani ya ogani. Risasi huliwa na mvuke wa asidi ya siki, na unyevu ukiwapo kazi huenda haraka zaidi. Mvuke huo hutoka katika baadhi ya mbao, hasa mwaloni uliotumiwa sana Ulaya, lakini hutoka pia katika ile silikoni ya bomba la kuminya inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo ukiinusa inapokauka hunuka siki. Nimeikuta silikoni hiyo ndani ya ogani, imepakwa na mtu mwenye nia njema aliyetaka kuziba upepo unaovuja, na juu yake miguu ya mabomba ilikuwa imeanza kutoa unga mweupe. Msiipake kamwe ndani ya ogani, hata kwa muda.

Halafu kuna joto. Sauti ya bomba hufuata kasi ya sauti hewani, na kasi hiyo hupanda joto linapopanda. Bomba lililorekebishwa hertzi 440 asubuhi yenye nyuzi joto 24 litatoa karibu hertzi 446 mchana wa kaskazi wenye nyuzi 32, yaani karibu robo ya nusu toni. Mabomba ya kawaida hupanda pamoja, kwa hiyo sikio halilalamiki sana. Yale yenye ulimi wa shaba hayapandi kwa kiasi hicho, na ndiyo yanayosikika yamepotea. Kwa sababu hiyo ninashauri kazi ya kurekebisha sauti ifanyike katika saa ile ile ya ibada kuu na madirisha yakiwa kama yanavyokuwa Jumapili.

Sasa tuzipime njia. Ukarabati kamili ndio pekee unaoweza kuibadilisha ogani ili iikubali hewa hii: mbao laini zilizoliwa zikabadilishwa na mtiki, ambao tunao karibu kabisa katika shamba la miti la Longuza, Muheza, na viungo vikaongezewa skrubu mahali ambapo gundi peke yake haiaminiki. Lakini ogani iliyokarabatiwa katika karakana ya nchi ya baridi, kwa ngozi na mbao zilizozoea hewa kavu, inaweza kurudi Tanga ikavimba katika masika ya kwanza. Atakayechagua njia hii alazimishe mkataba useme mbao zitazoezwa wapi na kwa muda gani. Kuifufua kwa hatua kuna faida kwamba kila kipande kinatengenezwa katika hewa ile ile kitakamoishi, na fundi anaona matokeo ya masika moja kabla ya kugusa safu inayofuata. Udhaifu wake ni kwamba sehemu ambazo zamu yake haijafika zinaendelea kuoza zikisubiri.

Kinanda hakisalimiki na hewa hii kama watu wanavyodhani. Chumvi na unyevu hula miguso ya vibonyezo na bodi za ndani, kingo za spongi za spika hulegea na kupukutika, sisimizi huingia, na mijusi hupenda joto la ndani. Tofauti ni kwamba ogani huugua polepole na kwa sauti, ilhali kinanda huwa kizima Jumamosi na kufa Jumapili.

## Mafundi na vipuri

Mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza ogani na muziki wake nchini Ujerumani katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na katika maelezo yake nchi hiyo ilihesabiwa kuwa na ogani karibu 50,000 na karakana zipatazo 400. Idadi hizo zinaeleza kwa nini ushauri ulioandikwa kwa makanisa ya huko haufai kuchukuliwa ulivyo: mchungaji wa kijiji cha Ujerumani hupiga simu, na fundi hayuko mbali. Sisi tunapaswa kuhesabu nauli ya ndege, malazi, kibali na miezi ya kusubiri.

Ukarabati kamili, kwa hiyo, unategemea mtaalamu wa mbali. Ubora wake ukiwa wa kweli ni mkubwa, kwa kuwa kurudisha sauti ya bomba lililobonyea mdomo ni kazi ya mikono iliyofundishwa kwa miaka, na sijaona fundi wa kubahatisha akiifanya bila kuharibu. Lakini mtaalamu akiondoka bila kumwacha mtu aliyemfundisha, ogani inarudi kwenye hali ya mtoto asiye na mlezi. Katika kila mkataba wa namna hii ningeweka sharti kwamba vijana wawili wa hapa wafanye kazi pamoja naye tangu siku ya kufungua hadi siku ya kufunga, si kubeba masanduku, bali kushika patasi na ngozi.

Kuifufua kwa hatua hutumia mikono tuliyo nayo. Seremala mzuri wa Ngamiani anayetengeneza makabati ya mninga anaweza kutengeneza vijiti vya kuvutia vali kwa usahihi unaotakiwa, mradi apewe kile cha zamani kama kielelezo. Mshona viatu anajua kuipunguza ngozi ukingo hadi iwe nyembamba kama karatasi, na hiyo ni nusu ya kazi ya mivukuto. Kibonyezo cheusi kilichopotea huchongwa kwa mpingo. Kipimo cha nguvu ya upepo kinatengenezwa kwa mpira mwembamba wa plastiki uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji nusu: upande mmoja ukiunganishwa na tundu la bomba lililochomolewa, maji husukumwa, na tofauti ya kina chake katika ogani nyingi za kanisa huwa kati ya milimita 60 na 100. Andikeni kipimo hicho kabla ya kugusa kitu chochote, kwa sababu sauti ya mabomba yote ilitengenezwa kwa ajili ya upepo huo na si mwingine.

Vitu viwili havipatikani kirahisi hapa: ngozi laini ya kondoo iliyosindikwa kwa kazi hii hasa, na ujuzi wa kurekebisha mdomo wa bomba. Ngozi inaagizwa. Ujuzi ndio sababu njia ya pili haiwezi kumkwepa mtaalamu kabisa. Inapunguza tu siku zake.

Kwa kinanda, mafundi wa elektroniki wako, na tatizo dogo la waya au miguso hutengenezwa mjini siku hiyo hiyo. Likiwa tatizo la bodi kuu, hali ni nyingine, kwa kuwa watengenezaji huacha kutoa vipuri vya aina za zamani, na kinanda cha miaka kumi na tano chaweza kuwa kizima chote isipokuwa kipande kimoja ambacho hakiuzwi tena popote.

## Fedha ya miaka ishirini

Kamati nyingi hulinganisha bei ya siku ya kwanza, na kwa kipimo hicho kinanda hushinda kila mara. Ni haki kulikiri hilo, kwa kuwa usharika wenye shida ya paa hauwezi kuambiwa uweke ogani mbele. Hata hivyo hesabu ya miaka ishirini ina sura tofauti. Kinanda cha kanisa kwa kawaida hutegemewa miaka kumi na tano hadi ishirini na mitano, na pwani ningehesabu ule mwisho mfupi. Maana yake ni kununua tena ndani ya kizazi kimoja, pamoja na spika, stabilaiza na betri ambazo hubadilishwa mara nyingi zaidi. Ukarabati kamili ni fedha nyingi kwa mpigo mmoja, kisha ogani huhitaji usafi mkubwa baada ya kama miaka ishirini hadi thelathini, na matunzo madogo kila mwaka. Njia ya hatua huugawa mzigo, na michango ya waumini huja kwa moyo zaidi watu wanaposikia safu moja ikilia kuliko wanapoonyeshwa mchoro. Gharama yake iliyojificha ni mtaalamu kuja mara tatu badala ya mara moja.

Kwa vyovyote, bajeti isiyo na fungu la matunzo ya kila mwaka haijakamilika, na hili linahusu kinanda sawasawa na ogani.

## Umeme

Hapa sina mengi ya kusema. Kinanda bila umeme hakisemi neno. Ogani yenye feni ya umeme nayo hunyamaza, isipokuwa pale mpini wa zamani wa kupulizia kwa mkono ulipoachwa mahali pake, na kijana mmoja akausukuma mpaka ibada ikaisha. Katika ukarabati wowote, kamili au wa hatua, mpini huo usiondolewe. Feni na kinanda vyote viwekewe stabilaiza, kwa kuwa umeme unaorudi ghafla huua zaidi ya umeme unaokatika.

## Sauti katika ibada

Bomba husukuma hewa ya kanisa moja kwa moja kutoka mahali lilipo, na ndiyo sababu watu mia nne wakiimba wimbo wanaoujua, ogani ndogo yenye safu tano, kila safu na mabomba 54, jumla mabomba 270, huwabeba bila kuwapigia kelele. Waimbaji huvuta pumzi pamoja nayo. Huo ni uzoefu wangu wa miaka kwenye benchi, na sitajifanya kuwa sina upande. Faida nyingine ni kwa makanisa yenye matarumbeta: ala za kupuliza nazo hupanda sauti kwa joto, na ogani huenda nazo, ilhali kinanda hubaki pale pale kilipowekwa na kulazimika kurekebishwa kwa kitufe.

Lakini kinanda kina heshima yake. Kinabadilisha ufunguo kwa kubonyeza mara moja pale mwimbaji anapokuwa na mafua. Kinaweza kubebwa hadi kwenye ibada ya jumuiya au mazishini. Kinawafaa vijana wanaojifunza nyumbani kwa sauti ya chini. Na kwaya zetu nyingi, zenye gitaa la besi na ngoma, zimetunga nyimbo zikikisikia hicho. Ukarabati kamili hurudisha ogani yote, na njia ya hatua hurudisha sehemu tu kwa miaka kadhaa. Hata hivyo safu moja nzuri ya mabomba ya mbao yaliyozibwa juu, ambayo ndiyo kwa kawaida huanza kufufuliwa, hutosha kuongoza zaburi.

## Kosa linaloweza kurekebishwa na lisiloweza

Katika mizani hii ndipo ninapoomba kamati itulie. Kazi mbaya ya seremala hutengenezwa na seremala mwingine. Bomba lililokatwa halirefuki. Nimefungua ogani ambayo fundi mmoja, akitaka ilingane na kinanda kilichokuwa pembeni, alikata ncha za safu nzima. Angesubiri mchana kupate joto asingekata hata moja. Gundi nyeupe ya mbao ikitumiwa kwenye ngozi ya vali hushika vizuri sana, na tatizo ni hilo hilo: gundi ya asili huachia kwa maji ya uvuguvugu baada ya miaka hamsini, ilhali hii humlazimisha fundi ajaye kukwangua mbao. Kwa upande mwingine gundi ya asili huwavuta wadudu wetu, kama nilivyosema, na kwa hiyo mimi huikubali gundi nyeupe kwenye viungo vya fremu visivyofunguliwa na kuikataa kwenye ngozi yoyote.

Ukarabati kamili una hatari kubwa zaidi katika mizani hii, kwa kuwa kila kitu kinaguswa kwa wakati mmoja. Mtaalamu mwenye adabu hupunguza hatari hiyo kwa kupiga picha, kuandika na kuhifadhi kila kipande alichotoa. Njia ya hatua huhatarisha kidogo kidogo, lakini huja na mikono mingi, na kila fundi mpya hupenda kusahihisha kazi ya aliyemtangulia. Kuipumzisha ndiko kunakoharibu kidogo kuliko yote, mradi iwe ni kupumzisha kweli. Mabomba yakirundikwa stoo hubonyea kwa uzito wake yenyewe. Risasi na bati huyeyuka kwenye moto wa mkaa, na katika mji wa wavuvi, bomba lisilo na mlinzi huishia kuwa chubwi za mishipi. Ogani iliyopumzishwa yapaswa kubaki imesimama mahali pake, mabomba yakiwa kwenye matundu yake. Ikiwa lazima yatolewe, yalazwe kwenye masanduku yenye kitambaa, safu moja juu ya mbao yake, na waliofanya kazi hiyo wanawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu. Watoto wa shule ya Jumapili wasihusishwe.

## Njia ipi inamfaa nani

Ukarabati kamili unawafaa wenye mambo matatu kwa pamoja: ogani ambayo uchunguzi umeonyesha kuwa mabomba yake mengi ni mazima, fedha iliyokwisha kupatikana badala ya ile iliyoahidiwa, na mpiga ogani mwenye mwanafunzi. Akikosekana huyo wa mwisho, ningesita hata kama fedha ipo, kwa kuwa ogani isiyopigwa kila wiki hurudi kukwama haraka.

Kuifufua kwa hatua kunawafaa wenye mfuko mdogo lakini wenye subira, walio na seremala anayependa kazi hiyo kwa dhati na mtu mmoja atakayesimamia daftari kwa miaka mitano bila kubadilishwa kila uchaguzi wa baraza. Hakuwafai wenye mchwa waliokwisha kuingia kwenye sanduku la upepo, kwa sababu hapo hakuna hatua ya kwanza inayoweza kusimama peke yake.

Kuipumzisha kunawafaa wenye kanisa linalovuja, wasio na mpigaji, au ambao kwaya yao kwa sasa inaimba muziki usioihitaji ogani. Hakuna aibu katika hilo. Kinachotakiwa ni kuwa uamuzi uandikwe kama kupumzisha, na aitwe kwa jina atakayeifungua na kuikagua mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya masika na mara moja baada ya vuli.

## Kwa hali yenu

Kama kanisa liko karibu na maji, kama yale ya upande wa Raskazone, na mabomba ya mbele yameanza weupe, hewa ishughulikiwe kwanza kabla ya njia yoyote: madirisha ya upande wa bahari yafungwe usiku, ya upande wa bara yafunguliwe mchana, na ogani isogezwe kutoka ukuta wenye unyevu, hata kwa upana wa mkono. Kama rafiki wa usharika kutoka ng'ambo ameahidi ogani nyingine iliyotumika, ulizeni kwanza kama ile mliyo nayo haiwezi kufufuliwa kwa nauli ya kuileta hiyo. Kama mna mpigaji mmoja mzee na hamna mwingine, anzeni njia ya hatua mwaka huu akiwa bado anaweza kukaa kwenye benchi na kusema ni sauti ipi ilikuwa wapi, maana kumbukumbu yake ni sehemu ya ogani. Kama kamati imegawanyika nusu kwa nusu, kununua kinanda cha kawaida kwa sasa huku ogani ikifufuliwa polepole si kushindwa. Makanisa mengi huishi na vyote viwili, na kwaya hujifunza ni kipi kiitwe lini.

Na kama hamwezi kuamua chochote mwaka huu, tumieni Jumamosi moja. Fagieni njia za mchwa kuzunguka miguu ya ogani, ondoeni mapazia na makaratasi yaliyohifadhiwa ndani yake, zibeni matundu ya nyigu na popo kwa wavu mwembamba, bonyezeni kila kibonyezo na kuandika kipi kinalia, kipi hakilii na kipi kinagoma kunyamaza, pimeni upepo kwa ule mpira wa maji, na pigeni picha za kila upande. Daftari lenye maandishi hayo liwekwe ndani ya ogani yenyewe, mkono wa kulia wa vibonyezo, mahali ambapo fundi atakayekuja atalikuta kabla hajashika bisibisi.